Mgeni Aliyetaja Jina Lake

Kazi ya Nasriya binti Sleiman ilikuwa kununua vitu asivyovihitaji. Alinunua mtindi katika duka la Hamriya, mjini Maskati, akaupeleka ofisini ukapimwe. Alinunua nyama ya kusaga akaitia mizanini upya. Aliketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya tanuri la mikate akijifanya anamngoja mumewe, ambaye alikuwa kaburini tangu zamani, na macho yake yakaifuata mikono ya mwokaji: imetoka wapi, imeshika nini, imerudi wapi. Baibui lake lilikuwa jeusi kati ya mabaibui meusi. Akishatoka dukani hakuna aliyemkumbuka, na huko kusahauliwa ndiko alikolipiwa mshahara.

Aliianza kazi hiyo mwaka 1996, katika ofisi ya ukaguzi wa vyakula ya baladiya, baraza linaloangalia masoko, majiko na taka za mji. Wakaguzi wanaume walikuwa wamejulikana mno. Gari lao lilikuwa na nembo ubavuni, na kabla injini haijazimwa nyama mbovu ilikuwa imekwisha kutokea mlango wa nyuma. Mkuu wa kitengo, Mahfoudh, ndiye aliyefikiria kuajiri mwanamke. Alikuwa mzaliwa wa Unguja kama Nasriya mwenyewe, kisha akasomea Misri, na mlango wa ofisi ukifungwa walizungumza Kiswahili cha kwao, Kiarabu wakakiacha nje pamoja na viatu.

"Watakuona na hawatokuona," alimwambia siku ya kwanza. "Hicho ndicho nnachokitaka."

Nasriya aliipenda kazi. Alikuwa mjane mwenye binti anayesoma, akikaa naye nyumbani kwa kaka yake, Khuwair ya Kusini, na ajira yenyewe ilikuwa ya muda; lakini hakuipenda kwa ajili ya mshahara tu. Aliwahi kumwona muuza samaki akiwaogesha samaki wa juzi kwa maji ya sabuni ili wang'ae, kisha akamwuzia bibi kizee mwenye miwani minene. Siku ile alirudi nyumbani na hasira iliyotulia, ile isiyopiga kelele, na hasira hiyo haikumtoka tena. Ikawa ndiyo inayomwamsha asubuhi.

Hata hivyo alikuwa na mpaka wake, aliojiwekea mwenyewe kwa kuwa ofisi haikumwekea wowote. Mwenye kufungua duka, alijiambia, ameyaita macho ya watu. Amewasha taa, ametundika bango, amesema njooni mtazame. Kumtazama bila ya kumwambia si kumwibia. Nyumba haiiti macho. Nyumba inamwita mgeni, na mgeni ni jambo jingine kabisa. Mpaka huo hakumweleza mtu, maana hakuna aliyemwuliza.

Alikuja kuulizwa kiangazi cha mwaka 1998. Kulikuwa na harusi Hamriya, na katika harusi kulikuwa na bokoboko: ngano na kuku vilivyopondwa pamoja hata usijue kipi ni kipi, juu yake samli. Usiku ule ule watu wakaanza kutapika. Watu wazima wakapata nafuu majumbani. Watoto wakalazwa hospitali, na mmoja wao alikuwa mtoto wa mpwa wake Mahfoudh.

"Bokoboko lile limepikwa kwa Ghaniya," Mahfoudh alisema, na ndevu zake zilikuwa hazijachanwa. "Wadi Kabir, nyuma ya magereji. Bibi mjane, hana mwanamume ndani. Anapikia harusi za nusu ya mji na hana leseni. Vijana wangu wamekwenda. Mara ya kwanza hakuna aliyewafungulia. Mara ya pili wamefunguliwa, jiko limepigwa deki, hata kijiko hakipo. Masufuria yote yako kwa majirani."

"Mwite ofisini."

"Aje anambie nini? Kuwa anampikia mjukuu?" Aliinama mbele. "Nenda weye. Jifanye una harusi, binti yako anaolewa, unatafuta mpishi. Watakukaribisha, utakaa, utakunywa kahawa, utatupa jicho jikoni. Ukitoka unieleze."

"Ndani ya nyumba yake?"

"Kwani masufuria yake yako barabarani?"

"Mimi hutazama maduka, bwana Mahfoudh."

"Nasriya, yule mtoto katiwa sindano ya maji mkononi, na mkono wenyewe mwembamba kama kidole changu hiki. Usinizungumzie habari za duka na nyumba."

"Na nikisema siendi?"

Mahfoudh hakupandisha sauti. "Mkataba wako unakaribia mwisho. Mkurugenzi ataniuliza mwanamke huyu anatufaa nini. Nimjibu nini?"

Basi mambo yalikuwa hayo. Akikataa, kazi inakwenda. Akikubali, ataingia kwa mtu kwa uso wa mgeni na kutoka kwa uso wa serikali, na habari hiyo haitobaki Wadi Kabir. Maskati ya watu wake ni ndogo. Wanajuana kwa sauti kabla hawajaonana. Mwanamke anayejulikana kuwa hukaribishwa akapeleleza hagongi mlango tena akafunguliwa, si kwa kazi, si kwa kheri, si kwa maziko.

Jioni ile wifi yake, Kheiria, alikuwa anakaanga sambusa. Alipomwona tu akapiga kelele. "Jasusi kaingia! Enyi watoto, ficheni unga!"

"Hebu niache, wifi."

"Nikuache vipi na mafuta haya ya jana? Niandike basi! Andika: Kheiria, mafuta ya jana, lakini mkono wa peponi."

Nasriya hakucheka. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi akamweleza. Kheiria akapunguza moto, na uso wake nao ukapungua mzaha.

"Utakula kwao?"

"Sijui."

"Usile. Sikiliza nnayokwambia. Kama huna budi kwenda, nenda, binti yako hana baba wa kumlisha. Lakini kitu chao kisipite mdomoni mwako. Ukishakula chumvi ya mtu kisha ukaenda kumsema, hata mimi sitojua nikutazame vipi."

Nasriya akashika hapo. Ilikuwa kama kupata ufito wa kushikia kwenye maji mengi. Ataingia, atakaa, atatazama, lakini hatokula na hatokunywa. Hatokuwa mgeni kamili. Kitakachompasa kukisema atakisema bila ya deni la chumvi.

Alikwenda baada ya swala ya alasiri. Nyuma ya magereji ya Wadi Kabir hewa ilikuwa nzito kwa mafuta ya injini, na mabati yalikuwa yanagongwa pande zote. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa bara ya Tanzania, mnene, mwenye kitambaa kichwani na unga hadi kwenye kiwiko. Nasriya alimwamkia kwa Kiarabu. Yule mwanamke akajibu kwa Kiarabu cha jikoni, akageuka akaita ndani, na akiwa njiani akajisemea kwa Kiswahili, "Wageni leo, na mimi nina mikono miwili tu."

Jina lake lilikuwa Bupe. Kwao Mbeya. Alikuwa amemfanyia kazi Bi Ghaniya kwa miaka, na ndiye aliyekuja na dele la kahawa, akamimina kidogo katika kikombe kidogo kisicho na mkono, akampa Nasriya kwa mkono wa kulia.

Bi Ghaniya aliketi juu ya zulia amejiegemeza kwenye mto mgumu, uso wake ndani ya barakoa ya nili kama wanawake wa kwao, watu wa mchangani, jangwani upande wa Sharqiya. Aliuliza habari kama zinavyoulizwa kwao: za njia, za afya, za mvua, za watu wa nyumbani, na kila moja ilipata jibu lake la kheri. Nasriya alijibu kwa Kiarabu chake kilichooteshwa juu ya Kiswahili, na kikombe akakiweka chini mbele yake. Hakukigusa.

Akaanza habari ya harusi. Binti yangu. Mwezi ujao, inshallah. Nimesifiwa mkono wako. Maneno yalitoka vizuri. Alikuwa ameyatembeza kichwani tangu Khuwair. Lakini aliona bibi hasikilizi. Macho ndani ya barakoa yalikuwa juu ya kikombe. Bupe naye alisimama na dele mkononi, hakurudi jikoni. Nasriya akazidi kusema.

"Kunywa kahawa yako," Bi Ghaniya alisema mwishowe. "Haja yako imetimia."

"Haja gani, mama?"

Bibi akacheka kwa pumzi, barakoa ikatikisika. "Walai, nyinyi watu wa Zinjibar! Hamkufundishwa kitu huko? Mtu akiwekewa kahawa akaiacha chini, amekuja na jambo zito. Amekuja kuposa, au kuomba damu isamehewe. Hanywi mpaka apewe. Nimekaa hapa najiuliza mwanamke huyu ana jambo gani hata harusi anaizungumza kama anayesoma khutba. Kisha nikaona aibu kahawa inapoa nyumbani kwangu. Nimekupa. Sema unachotaka."

"Umenipa kabla hujakijua?"

"Nikishakijua, hiyo itakuwa biashara."

Nasriya alikitazama kikombe. Alikiacha ili asiwe na deni, na kwa kukiacha ameingia katika deni kubwa kuliko chumvi. Uongo ulikuwa bado upo, umevaa, tayari kutoka: nataka unipikie kwa bei nafuu. Bibi angekubali, wangecheka, angetembezwa jikoni kama mteja, na kesho Mahfoudh angeridhika. Hakuna ambaye angejua. Lakini alihisi kuwa akiusema uongo ule sasa, mbele ya mtu aliyekwisha kumpa bila ya kuuliza, hasira yake aliyotoka nayo kwa muuza samaki haitokuwa na haki ya kumwamsha tena asubuhi.

"Jina langu Nasriya binti Sleiman," alisema. "Natoka ofisi ya ukaguzi wa vyakula, baladiya. Nimetumwa nije kama mgeni nilitazame jiko lako wewe usijue. Sina harusi. Watoto wameumwa Hamriya, na haja yangu ni jiko."

"Yesu wangu," Bupe akasema kwa Kiswahili, na dele likainama, kahawa ikamwagika zuliani.

Nje mtu aligonga bati, akaacha, akagonga tena. Bi Ghaniya hakutikisika.

"Ungeinywa kahawa yangu kisha ukaenda kunisema," alisema, "ningekuombea dua usiyoipenda."

"Najua."

"Hujui. Lakini neno langu limetoka, nami si mtu wa kuokota nilichokitema. Bupe! Mfungulie jiko. Lote, na kwa jirani pia." Akanyoosha kidole kwenye kikombe. "Na hiyo uinywe. Imepoa. Hiyo ndiyo adhabu yako."

Nasriya akainywa, chungu na baridi.

Jiko lilikuwa safi kuliko majiko mengi aliyoyaona kwa siri. Masufuria yalikuwa makubwa ya kumwogeshea mtoto, yamesuguliwa hadi yanatoa sura ya mtu. Tatizo halikuwa uchafu. Uani, juu ya saruji iliyowaka jua, kulikuwa na mabeseni ya kuku walioganda, wameachwa wayeyuke.

"Wamekaa hapa tangu lini?" Nasriya aliuliza kwa Kiswahili.

Bupe akashtuka, kisha akacheka licha ya hofu. "Kumbe dada wewe ni wetu! Tangu asubuhi. Wanakuja wamekuwa mawe, dada. Friji moja, meko mawili, harusi ya ukoo mzima. Ningefanyaje? Mama anasema jua linaua wadudu."

"Jua hili haliui. Linawalea. Na bokoboko?"

"Tunalipika jioni, tunalifunika mablanketi. Kesho yake mchana linakwenda harusini likiwa bado na uvuguvugu. Watu wanasifu kweli. Wanasema la Mama Ghaniya halipoi."

Bi Ghaniya alikuwa amesimama mlangoni kwa nyuma yao. Nasriya akamweleza kwa Kiarabu, taratibu, bila ya kupunguza: kuku wa juani, chakula kinacholala na uvuguvugu chini ya blanketi katika joto la Maskati, na kinachoota humo. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Mchangani tulikuwa tukilifunika hivyo," alisema. "Lakini usiku wa huko ulikuwa baridi." Akayatazama mabeseni ya kuku. "Wale watoto, ni mimi?"

"Ndivyo ninavyoona."

Bibi akaweka mkono ukutani. Ulikuwa mkono wenye nguvu, na Nasriya aliuona ukitafuta ukuta kabla haujaupata.

"Utaniandika?"

"Nitakuandika. Usipike mpaka haya yawe yamerekebishwa. Na nitakusomea nitakayoyaandika hapa hapa, kabla sijatoka."

Ofisini, Mahfoudh aliisikiliza taarifa akiwa amesimama.

"Umejitaja?"

"Nimejitaja."

"Wallahi, Nasriya! Nimekutuma uwe jicho, umekwenda kuwa mdomo. Kesho mji mzima utajua kuwa mwanamke wa baladiya anaingia majumbani."

"Nao watakuwa wanajua kweli. Chanzo nimekiona, na bibi kaacha kupika."

"Bahati! Bibi wa mchangani kafuata mila zake. Mwingine angekufukuza, na watoto wengine wangelazwa. Heshima ya bibi mmoja na matumbo ya watoto, kipi kizito?"

Ilikuwa bahati, na Nasriya alijua. Njia nzima ya kurudi kutoka Wadi Kabir alikuwa akiliwaza jambo hilo hilo.

"Bahati, ndiyo," alisema. "Ndiyo maana nnataka kanuni. Leo naweza kumfuata muuza samaki mpaka afe, na hakuna wa kuniuliza kwa nini. Unanituma kwa mdomo, narudi kwa mdomo, na aliyetazamwa hajui kuwa katazamwa. Maduka na njia nitayatazama kwa siri, lakini unipe ruhusa kwa duka hilo, kwa sababu hiyo, na ruhusa yenyewe iwe na mwisho. Nyumba siingii tena kwa jina la uongo. Nitasema mimi ni nani mlangoni. Wakinifungia, tukaombe amri, turudi mchana kweupe."

"Umemaliza?"

"Bado. Tukishaona kitu, mwenyewe aambiwe tulichokiona."

Mahfoudh akakaa. "Weye mwenye mkataba wa muda unaniandikia kanuni za mji?"

"Simwoni mwingine anayeziandika."

Hakumfukuza. Labda alikumbuka kuwa mpwa wake alikuwa amemrudisha mtoto nyumbani, na kwamba aliyejua sababu ya ugonjwa ni huyu aliyesimama mbele yake. Mkataba ukaongezwa, lakini Nasriya akaondolewa masokoni akawekwa kwenye simu. Akawa anapokea malalamiko ya mitaro, ya paka, ya jirani anayemwaga maji machafu. Kila Jumamosi wiki ya kazi ilipoanza, alikwenda mlangoni kwa Mahfoudh akauliza jambo moja.

"Ile kanuni?"

"Bado."

"Haya. Jumamosi."

Wakaguzi wanaume wakamwita Bi Kanuni. Akipita kwenye ujia mmoja wao hujishika kifua: "Bi Kanuni, nna ruhusa ya kukutazama?" Naye hujibu bila ya kusimama, "Kwa sababu gani, na mpaka lini?" Wakacheka, na baada ya muda wakawa wanacheka kwa namna nyingine, kama watu wanaoanza kusikia kinachosemwa. Alichoka. Kulikuwa na asubuhi ambazo simu zote zilikuwa za paka na alijiona mjinga mtu mzima, anayegonga ukuta akiuita mlango. Binti yake alimwuliza kwa nini hawaachi wakafanya wanavyotaka. Alimwambia, "Kwa sababu siku moja watamtuma mwingine."

Wakamtuma. Jina lake Radhia, msichana aliyetoka chuo, mwenye Kiarabu safi na Kiswahili cha bibi yake. Katika mwaka 2000 kulikuwa na msiba Hamriya, na kulikuwa na shaka juu ya mpishi aliyekuwa akipeleka chakula humo. Nyumba ya msiba haina bawabu. Mwanamke yeyote huingia, hutoa mkono wa pole, hukaa, huletewa sahani. Mahfoudh aliiona nafasi hiyo, akamwambia Radhia aitumie.

Nasriya alimkuta adhuhuri katika chumba cha kutawadhia, uso kwenye maji ya bomba, hataki kulifunga.

"Nini, mwanangu?"

"Mmoja wao kanijua. Kamnong'oneza mwenye msiba kuwa nafanya kazi baladiya. Na mimi nilikuwa nalia, Bi Nasriya. Mwenye msiba kanitazama, kaniuliza mbele ya wanawake wote, 'Na machozi yako nayo ni ya baladiya?'" Akashika kingo za beseni. "Yalikuwa yangu. Nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu. Nani ataniamini?"

Nasriya akafunga bomba, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake, akamshika mkono. Waliingia ofisini kwa mkuu bila ya kubisha hodi. Mahfoudh alikuwa anakunywa chai.

"Mwambie," Nasriya alisema. "Kama ulivyonambia mimi."

Radhia akasema tena, mara hii bila ya kulia, na hivyo ikawa mbaya zaidi. Mahfoudh aliiweka chini glasi ya chai. Alitazama dirisha, ambako hakukuwa na kitu ila kiyoyozi cha jengo la pili kinadondosha maji.

"Na chakula?" aliuliza.

"Kilikuwa kizima."

Alikuwa mtu aliyezika watu wake katika ardhi mbili, na alijua nyumba ya msiba ni nini.

"Tutafunga macho basi?" Mahfoudh alisema, na sasa hakuwa anagomba, alikuwa anauliza. "Mtoto akiumwa kwa sababu mlango umefungwa, utamjibu nini mama yake?"

"Nitamwambia niligonga. Nitamwambia nilirudi nikagonga tena, na mara ya tatu nilikuja na amri. Sitomwambia nililala. Lakini wakishajua tunaingia kwa machozi, bwana Mahfoudh, watafunga milango hata kwa wanaolia kweli. Huo ni ugonjwa pia, na hauna sindano ya maji."

Akazikuna ndevu. "Kesho kwa mkurugenzi. Useme weye. Mimi nikisema nitaharibu."

Mkurugenzi hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliikubali kanuni kwa majaribio ya mwaka mmoja, katika wilaya yao tu. Maduka yatatazamwa kwa ruhusa yenye sababu na mwisho; nyumbani mkaguzi atataja jina; walioonekana na kosa wataambiwa. Maradhi ya chakula yakizidi, kanuni itaondoka, na aliyeileta ataondoka nayo. Aliuliza kama Nasriya amefahamu. Nasriya alisema amefahamu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Hamriya, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Walisikia mwanamke anayekaa humo anapikia watu wa maofisini na anarudisha jikoni wali uliobaki. Nasriya na Radhia walipanda ngazi katika joto la kabla ya adhuhuri. Mlango ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi ya kijani. Akagonga.

"Nani?" Sauti ya mwanamke, kwa Kiswahili cha Unguja.

"Nasriya binti Sleiman, ukaguzi wa vyakula, baladiya. Nnaomba kuliona jiko lako."

"Hapana mtu."

"Nnakusikia, dada."

"Basi sikia na hili: hapana mtu!"

Radhia akajiziba mdomo. Ndani zikaanza kelele, chuma kikiburutwa juu ya vigae, nyayo zikikimbia, maji yakimwagwa kwa haraka. Ilikuwa kila kitu alichokitabiri Mahfoudh. Masufuria yalikuwa yanakwenda, na pamoja nayo mwaka wake wa majaribio. Radhia alimwangalia. Upande wa nyuma wa jengo kulikuwa na ngazi ya pili, na dirisha la jiko lilitazama huko. Msichana yeyote mwepesi angeweza kushuka na kuchungulia.

"Nishuke?" Radhia alinong'ona.

"Usishuke."

Nasriya akasogeza mdomo karibu na chuma. "Mama, usiyabebe masufuria ya moto, utaungua. Sikuja kukunyang'anya. Nitakwambia kila nitakachokiona, mbele yako, na utanijibu. Leo usipofungua nitarudi alasiri. Kesho nitarudi. Kesho kutwa nitakuja na amri, na hiyo sitaki mimi wala weye hutaki."

"Nenda kwenu!"

"Hapa ndipo nnapofanya kazi."

Akaketi kwenye ngazi, baibui akalikusanya magotini. Radhia akaketi kando yake. Duka la chini lilikuwa linapakua mizigo ya vitambaa, na wapakuzi wakapita wakiwatazama, wanawake wawili wameketi mbele ya mlango uliofungwa, hawajifichi, hawasemi. Mmoja akauliza wanamngoja nani.

"Mwenye nyumba," Nasriya alisema. "Anajua tuko hapa."

Jasho lilimtiririka mgongoni. Hakuwa na uhakika wa kitu chochote ila mahali alipokaa. Ndani chuma kiliburutwa tena, mara moja, kisha kikasimama. Nyayo zikaja hadi karibu na mlango zikatulia upande wa pili.

Nasriya akainuka, akakung'uta vumbi, akagonga tena.